Mchekaji wa Kwanza

Kwetu kila mtu alipewa kipaji chake
kama watu wanavyogawana nyama ya Krismasi.
Baba, Oketcho, mtoto wa mwaka wa njaa,
alijua kuanguka.
Alianguka kilevi, alianguka kitajiri,
alianguka kama mtu aliyeambiwa deni lake limesamehewa,
taratibu, goti, kiuno, bega,
na kofia ikabaki hewani ikimsubiri.

Mama alikuwa na koo la kukodisha:
treni ya Mbale ikipanda mlima,
mbuzi wa mchungaji, karani wa stesheni
akitangaza uchelewaji kwa Kiingereza cha puani.
Baba zangu wadogo, pacha, Opio na Odongo,
walivaa koti moja, kila mtu na mkono wake,
wakabishana nani alipie kifungo.
(Jikoni walibishana vivyo hivyo, bila koti.)
Bibi alikaa mlangoni na bakuli la shilingi.
Sijapata kuona mtu akimpita Bibi kwa maneno.

Mimi sikuwa na kitu.
Niliimba kama bawaba kavu. Nilisahau mistari yangu yote,
hata ule wa neno moja: "Hodi."
Baba akanitazama siku nyingi, mwisho akasema,
"Athieno, wewe utakaa na watu.
Ukiona kofia imebaki hewani, cheka.
Kicheko wanacho, ila wanaogopa kutangulia."

Basi nikakaa benchi la tatu, pembeni, chini ya karabai,
katikati ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji
wenye kope nyeupe kama wazee wa ghafla.
Nikitoa changu, kidogo, cha kuwashia moto,
wao walitoa vyao,
na vumbi likawatoka mabegani
mpaka ukumbi mzima ukaingia ukungu.
Malipo yangu: peremende moja,
na kujua kabla ya Tororo yote.

Nyumbani hatukucheka sana.
Mama alimchua Baba nyonga kwa maji ya chumvi,
akihesabu madoa meusi kwa Kipadhola,
kwa sauti yake mwenyewe,
ambayo watu wa mjini hawakuijua.

Kuna usiku benchi la mbele lilijaa kofia za jeshi.
Baba akaanguka kitajiri. Kofia hewani.
Kimya.
Hata karabai niliisikia ikivuta pumzi.
Opio kashika koti, Odongo kashika koti,
Bibi mlangoni kafunika bakuli kwa kiganja.
Nilikuwa na miaka tisa na mkojo umenibana.
Nikacheka.
Ofisa akageuka. Akanitazama
muda wa kutosha kummaliza kuku mzima.
Kisha tumbo lake likatikisika, mara moja, mara mbili,
na ukumbi ukapata ruhusa.
Kesho yake akaleta gunia la sukari,
siku zile ambazo sukari ilikuwa hadithi.
Mama hakuligusa wiki nzima.
Siku ya nane tulikunywa chai.
Ilikuwa tamu. Hilo nalo lazima nilitaje.

Baba tulimzika mwaka jana, mwezi wa mvua,
upande wa mwamba ambako jua huchelewa.
Kamba ziliteleza kidogo kwa matope.
Jeneza likashuka kwa mtindo wake,
miguu, kiuno, bega,
na Odongo, peke yake ndani ya koti,
mkono wa Opio ukining'inia mtupu,
akaitupa ile kofia juu.
Nadhani hakupanga.

Mchungaji akanyamaza katikati ya aya.
Nikaona kope za watu, nyeupe zile zile,
safari hii kwa umri,
zikinigeukia, moja baada ya nyingine,
zikisubiri.